Majani meupe, ziwa jeusi: kupiga dunia ya wafu kwa infraredi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma mjini. Nina skripti ya filamu fupi ya dakika 12. Mke wa mvuvi wa Katonga anamfuata mumewe aliyezama ziwani mpaka kwenye dunia ya wafu. Sitaki moshi wa mashine wala watu waliojifunga mashuka. Nimeona picha za infraredi, majani meupe kama yamemwagiwa unga na anga jeusi, nikasema hii ndiyo dunia yao. Nina Canon ya zamani yenye lenzi mbili. Je, ninunue kamera ya joto au niliyo nayo inatosha? Na ngozi zetu nyeusi zitatokaje humo?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote na nitakaa nalo. Lakini nianze na hilo la kununua, maana ndilo linaloweza kukutia hasara: usinunue kamera ya joto. Ulichokiona kwenye zile picha si joto. Vitu viwili tofauti vinabeba jina moja la infraredi, na wauzaji hawajishughulishi kuvitenganisha.

Urefu wa wimbi la mwanga hupimwa kwa nanomita. Jicho la mtu huona mwanga wa kuanzia karibu nanomita 400, ambao ni zambarau, hadi karibu 700, wekundu wa mwisho. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukatawanyika kuwa rangi, akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo, na kimoja akakiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo macho yake hayakuona chochote. Hicho cha nje ndicho kilichopanda zaidi. Kumbe mwanga ulikuwa unaendelea, macho tu ndiyo yaliyoishia njiani.

Sasa, hatua za kwanza baada ya nyekundu, kutoka 700 hadi kama 1,100, bado ni mwanga wa jua wa kawaida katika tabia zake. Unagonga kitu, unarudi, unapita kwenye lenzi yako ya kila siku, na sensa ya kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inauona. Hii ndiyo infraredi ya karibu, na ndiyo iliyopaka majani yako unga. Kamera ya joto iko mbali sana na hapo, kati ya nanomita 8,000 na 14,000. Yenyewe haisubiri jua. Inapokea mionzi inayotolewa na kitu chenyewe kwa sababu ya joto lake. Kioo cha kawaida huizuia kabisa, ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa madini ya germani na bei yake hupaa. Baadhi ya zile ndogo za kuchomeka kwenye simu hutoa picha ya nukta 160 kwa 120, na fremu 9 tu kwa sekunde, kwa kuwa sheria za Marekani za kuuza vifaa nje huzibana zile za kasi. Mwendo utakuwa wa kukatakata.

Hata kama ungekuwa na fedha, ningekushauri uiache kwa sababu ya hadithi yako. Mwongozaji Jonathan Glazer aliitumia kwenye filamu ya The Zone of Interest (2023): msichana anaficha matunda gizani kwa ajili ya wafungwa wenye njaa, na mwili wake ndio unaong'aa katikati ya usiku wa baridi. Pale ilifaa, kwa sababu kinachoonekana ni uhai wenyewe. Wewe unataka wafu. Mwigizaji wako yu hai, damu inatembea, na kamera ya joto itamwanika aking'aa kwa uhai wake wote. Itakupinga katika kila fremu.

Infraredi ya karibu haitakupinga, na Kigoma imejaa vitu vinne inavyovigeuza kwa nguvu: majani, maji, anga na ngozi.

Jani ni kijani kwa sababu klorofili hula nyekundu na buluu na kuacha sehemu ya kijani irudi. Lakini infraredi ya karibu klorofili haiigusi. Inaipita, inaingia kwenye vijumba vya ndani vya jani, vilivyojaa maji na kuachana kwa nafasi za hewa, inadundadunda kwenye kuta zake, na karibu nusu yake inarudi nje. Kwa hiyo jani zima, bichi, lenye afya, linatoka jeupe. Mmarekani Robert W. Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910, na mpaka leo weupe huo unaitwa athari ya Wood, kwa jina lake. Mchikichi ukiupiga hivi, kila kuti linakuwa unyoya. Mgomba unakuwa kama umechongwa kwa chaki. Mwaka 1964, kwenye filamu ya I Am Cuba ya Mikhail Kalatozov, mpiga picha Sergei Urusevsky alitumia filamu ya infraredi kwenye minazi na mashamba ya miwa ya Cuba, na sioni kwa nini michikichi yetu isisimame pale pale ilipokaa minazi ile.

Anga huwa jeusi kwa sababu nyingine. Buluu tunayoiona juu ni mwanga uliotawanywa na hewa, na hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi. Ukiongeza urefu wa wimbi mara mbili, mtawanyiko hupungua mara 16. Infraredi basi hutawanyika kidogo mno, na anga tupu linabaki giza huku mawingu yakibaki meupe kwa kuwa matone yake ni makubwa na hurudisha kila kitu. Ukungu mwembamba wa mchana nao hupungua. Nimewahi kusimama Bangwe siku ambayo macho yangu yaliona tu utusitusi upande wa magharibi, na kwenye kioo cha kamera milima ya Kongo ikawa imesimama na mabonde yake.

Na ziwa, mdogo wangu. Maji hunyonya infraredi, na kile kidogo kinachorudi kutoka juu yake ni sura ya anga, ambalo nalo limeshakuwa jeusi. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, maji ambayo ukiinama gatini unahesabu mawe ya chini, linatoka jeusi kama wino. Povu la mawimbi tu ndilo linalobaki jeupe. Hapo umeshapata mpaka kati ya dunia zako mbili bila kuongeza chochote: mchanga mweupe, mstari wa povu, halafu weusi usio na chini. Mjane wako akiingia hadi magotini, miguu yake itakatika pale maji yanapoanza. Mimi ningeijenga filamu nzima kuelekea fremu hiyo.

Kuna jambo kuhusu kivuli ambalo wapiga picha wengi wa infraredi hulijua wakiwa wameshapoteza siku nzima ya kazi. Tumefundishwa kukimbia jua la saa sita na kusubiri jua la alasiri. Kwenye infraredi saa sita ni rafiki yako, majani hung'aa kuliko wakati wowote. Lakini kivuli cha ukuta wa nyumba ni shimo. Kwa kawaida kivulini tunaona kwa sababu anga la buluu linamwaga mwanga pembeni. Kwenye infraredi anga halimwagi kitu, kwa hiyo uso uliokaa kivuli cha ukuta unazama. Kivuli cha mwembe si hivyo. Ile infraredi isiyorudi juu kutoka kwenye jani, sehemu kubwa yake hupenya na kushuka upande wa chini. Jani moja linampa la chini yake, hilo nalo linampa linalofuata. Chini ya mwembe mkubwa, macho yako yanaona giza baridi na kamera inaona ukumbi uliojaa mwanga laini usio na upande. Miembe ya Ujiji kwenye njia ya zamani ya misafara ndiyo studio yako. Ukiwakalisha wafu wako hapo, wakisubiri, hakuna taa ya kukodi itakayokupa mwanga ule.

Nakuja kwenye ngozi.

Melanini, inayotupa weusi wetu, hunyonya sana mwanga unaoonekana, na kadiri unavyosogea kwenye infraredi unyonyaji wake unapungua. Kwenye filta ya nanomita 720, yaani inayopitisha tu mwanga wa kuanzia hapo kwenda juu, mtu mweusi anatoka amepauka kiasi. Kwenye 850 anapauka zaidi, karibu na rangi ya nta. Mwanga huu pia hupenya ngozi kwa milimita kadhaa kabla ya kurudi, kwa hiyo vishimo, chunusi na madoa ya juu hufifia na uso unakuwa laini kama wa sanamu. Midomo hupoteza rangi. Mishipa ya damu ya mikono na shingo inaweza kujitokeza kama mistari ya giza. Duara la kahawia la jicho hupauka na kuonyesha nyuzi zake huku mboni ya katikati ikibaki nyeusi ti. Ukimtazama mtu wa namna hiyo kwenye skrini, unajua ni mtu, na unajua hayuko nasi.

Hiyo ndiyo nguvu unayoitafuta, na hapo hapo pana jambo la kulifikiria kwa moyo mweupe. Sisi tunaishi katika nchi ambayo dada zetu wameharibiwa ngozi kwa mkorogo kwa kuambiwa kwamba weupe ni uzuri. Filamu yako ikimfanya mwanamke mweusi apauke, kisha muziki ukapanda na kamera ikazunguka kumsifia, utakuwa umesema neno ambalo sidhani unataka kulisema. Mpiga picha Greig Fraser alipopiga matukio ya nje ya sayari ya Giedi Prime kwenye filamu ya Dune: Part Two (2024), kwa kamera ya ARRI iliyorekebishwa kuona infraredi, ule mpauko ulikuwa dalili ya dunia iliyooza chini ya jua lisilo na huruma. Mpauko ulikuwa hasara. Kwako pia uwe hasara: mume amepoteza rangi yake, na mke anamtafuta mumewe mwenye rangi. Upande wa walio hai piga kwa rangi kamili, na jali ngozi pale kuliko mahali pengine popote. Mpe mjane mwanga wa jioni kutoka ziwani, mafuta kidogo usoni, weusi wake ung'ae. Mtazamaji akishaipenda ngozi ile, kuiona ikitoweka kutamuuma. Na mwigizaji mwenyewe mwonyeshe picha ya majaribio kabla hajakubali. Ni uso wake.

Nguo nazo zina mambo yake. Rangi nyingi za viwandani zinazopaka vitambaa hazinyonyi infraredi, kwa hiyo shati jeusi linaweza kutoka jeupe, na suti nyeusi mbili zilizolingana dukani zikatoka moja ya kijivu na nyingine ya maziwa. Rangi zenye masizi ya kaboni hubaki nyeusi. Niliwahi kupiga kanga nne kwenye kamba moja ya kuanikia: mbili zilipoteza maua yote zikawa mashuka, moja ikabaki na pindo tu, na ya nne jina lake lilifutika kabisa, herufi zote, mji ukabaki. Fikiria hilo kwenye hadithi yako. Mjane anaondoka Katonga na kanga yenye jina ambalo mtazamaji amelisoma. Anavuka maji. Upande wa pili kanga ni ile ile, fundo ni lile lile, na jina halipo tena. Hutahitaji mtu aeleze kwamba walio kule hawasemi na walio huku. Lakini ni lazima ujaribu kanga moja moja mbele ya kamera, maana dukani haziwezi kutofautishwa.

La nguo lina upande wa hatari pia. Mwaka 1998 Sony ililazimika kusimamisha na kurekebisha Handycam, kamera zake za video, zenye NightShot ya kupigia gizani, baada ya watu kugundua kwamba mchana, zikiwekewa filta, ziliona kupitia baadhi ya vitambaa vyepesi. Si kila nguo, si kila siku, lakini hutokea, hasa kwa nguo nyembamba na iliyolowa, na wewe una mwanamke anayeingia ziwani. Mvalishe nguo nzito ya ndani uliyoipima kwenye kamera, ikiwa kavu na ikiwa imelowa, na yeye mwenyewe au mwanamke anayemwamini ndiye aangalie picha hizo za majaribio kwanza. Usilifanye hili jambo la baadaye.

Tuje kwenye Canon yako. Inaweza, ila si kama ilivyo. Mbele ya sensa kiwanda kimeweka kioo kinachozuia infraredi ili rangi za kila siku zisiharibike. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye lenzi ukiwa chumbani gizani, bonyeza kitufe na utazame kioo cha nyuma cha kamera. Ukiona nukta hafifu inayopepesa, huo ndio mwanga unaofanikiwa kupenya kizuizi. Ni kidogo sana. Ukifunga filta ya 720 kwenye kamera ya namna hii juani, utahitaji sekunde kadhaa kwa picha moja. Kwa picha ya mnato juu ya stendi, sawa. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina sehemu moja ya 25 ya sekunde na si zaidi. Haitatosha.

Kwa hiyo kizuizi lazima kitolewe. Kuna wanaoweka ndani filta ya 720 moja kwa moja. Kwako ningependelea kioo kitupu mahali pa kizuizi, kisha filta unaifunga mbele ya lenzi. Ukitaka 850 unabadilisha, na ukifunga filta ya kuzuia infraredi kamera inarudi kwenye harusi na kipaimara, maana najua lazima ikulishe. Usiifungue mwenyewe mezani. Kapasita ya flashi ndani yake hutunza umeme wa volti kama 300 hata betri ikiwa imetolewa. Pia kioo kipya kisipolingana na kile cha zamani kwa unene unaofaa, fokasi inahama. Kamera yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi aliyekuwa hodari sana wa simu, akaikwaruza sensa kwa kibano, na mstari ule ulibaki kwenye kila picha mpaka kamera ilipokufa. Mtafute aliyeshawahi kufanya kazi hii hasa, na uombe kuona kamera aliyoifanya.

Kama hayo yatakushinda, tafuta Handycam ya zamani ya Sony yenye swichi ya NightShot. Ile swichi husogeza kizuizi pembeni kwa mkono, bila fundi. Usiku haina tabu. Mchana matoleo mengi yaliyofuata hulazimisha tundu la lenzi kubaki wazi na shata kwenda polepole, kwa hiyo jua la Kigoma litaichoma picha yote kuwa nyeupe. Utahitaji filta nyeusi za kupunguza mwanga, na ziwe zile zinazopunguza infraredi pia, kwa sababu nyingi za kawaida huiacha ipite. Filta za kuzungusha za polaroidi usizitegemee, huko nguvu zao hupungua sana. Picha yake itakuwa ya ubora wa zamani, yenye chembechembe. Kwa dunia ya wafu sioni ubaya wake. Ningeweza hata kuichagua makusudi.

Kuhusu filta, 850 hukupa nyeusi na nyeupe safi, na 720 huacha rangi kidogo ambazo baadhi ya watu hugeuza kwenye kompyuta kwa kubadilishana nyekundu na buluu, anga likawa la buluu na majani ya rangi ya krimu. Yale majani ya waridi unayoweza kuwa umeyaona yanatokana na filamu ya Kodak Aerochrome, iliyozaliwa kwenye shughuli za kijeshi za kufichua waliojificha kwa rangi za kijani, kwani rangi ya kopo hairudishi infraredi kama jani hai. Kodak wameacha kuitengeneza. Mpiga picha Richard Mosse aliitumia ng'ambo ya ziwa letu, Kongo ya mashariki, na kazi yake ya The Enclave ikaonyeshwa Venice mwaka 2013: vilima vya waridi, wapiganaji katikati ya majani ya waridi. Wapo waliomlaumu kwa kuifanya vita ipendeze. Mimi naona alimlazimisha mtu atazame asichotaka kutazama, lakini sisi wa Kigoma, ambao wakimbizi wa vita ile tumewapokea gatini, tunayaona waridi yale kwa macho mengine. Kwa hadithi ya maombolezo, chukua nyeusi na nyeupe ya 850.

Ukiwa na 720, pima wait balansi (mizani ya rangi ya kamera) kwenye majani mabichi yaliyopigwa na jua, jaza fremu nzima nayo, na ufanye hivyo kwenye kamera kabla ya kurekodi. Usipopima, picha yote inakuwa nyekundu. Video ya kamera ndogo imebanwa sana, na chaneli ya nyekundu ikishaungua hakuna programu itakayoirudisha. Mita ya mwanga ya kamera nayo hukosea kwa sababu iliundwa kwa mwanga unaoonekana. Amini histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, hasa ya nyekundu.

Fokasi iliwahi kunila siku nzima, Katonga hapo hapo. Lenzi huikusanya infraredi sehemu tofauti kidogo na mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani zina nukta nyekundu pembeni ya alama ya umbali kwa ajili hiyo. Mimi niliweka fokasi kabla ya kufunga filta, kila kitu kikaonekana sawa kwenye kile kioo kidogo, na usiku kwenye kompyuta nikakuta mitumbwi yote laini kama sabuni. Weka fokasi ukiwa umeshafunga filta, ukitazama kwenye skrini ya nyuma, umekuza mara 5 au 10. Kitundu cha kuchungulia hakitakusaidia, filta ni nyeusi kwa macho. Na usichungulie jua kupitia filta hiyo hata kwa sekunde. Kwa kuwa ni giza, jicho hujifungua, infraredi inaingia bila kizuizi, na retina inaungua bila maumivu.

Lenzi zako mbili zipime doa. Baadhi huangaza duara jeupe katikati ya picha, na kadiri unavyobana tundu ndivyo doa linavyokolea. Kwenye Canon, ile 18-55 inayokuja na kamera mara nyingi ni nzuri, na ile 50 ya f/1.8 mara nyingi hutoa doa ukiibana. Piga anga tupu au ukuta uliopigwa na jua, kwa matundu ya f/4, f/5.6, f/8, f/11, ujue mwisho wako uko wapi.

Usiku kuna ulimwengu mwingine. Moto wa kuni, makaa na kibatari hutoa infraredi kwa wingi; jiko la mkaa linaweza kumulika uso wa mtu vizuri kabisa. Taa nyeupe za LED hazitoi karibu chochote. Wavuvi wa dagaa sasa wengi wanatumia LED, na maana yake ni hii: ule mji wa taa unaouona ziwani usiku usio na mwezi, ukiupiga kwa 850, karibu wote unazimika. Piga mara mbili kutoka sehemu ile ile bila kusogeza stendi, mara moja kwa rangi na mara moja kwa infraredi. Taa za walio hai zitazimika zenyewe.

Kwa kumulika nyuso, nunua taa za infraredi za kamera za ulinzi. Za 850 huonyesha wekundu hafifu ukizitazama. Za 940 hazionekani kabisa, ila sensa nayo huziona kwa shida, kwa hiyo unahitaji zaidi. Mwigizaji atakuwa kwenye giza halisi, haoni kamera wala mwongozaji. Mboni zake zitafunguka zote, na taa ikikaa karibu na lenzi zitarudisha mwanga kama za mnyama. Hapo huhitaji kumwelekeza aogope. Lakini giza halisi karibu na maji ni hatari. Weka mtu anayejua kuogelea hatua mbili kutoka kwake, mwenye tochi mkononi, na usizipandishe taa hizo karibu na macho yake kwa sababu tu hazionekani.

Kutokana na yote hayo ningekuomba upunguze. Skripti ya dakika 12, infraredi isizidi dakika 4, na isianze kabla mjane hajagusa maji. Ukiitumia mapema, mtazamaji ataizoea akaidhani ni mtindo wako, na mlango utakuwa hauna kizingiti.

Msimu wako ni wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwenye siku za jua kali baada ya usiku wa mvua, anga likiwa limeoshwa na majani yamejaa maji. Kiangazi cha Juni hadi Septemba nyasi zimekauka na weupe wake ni wa kinyonge, ingawa mwembe na mchikichi havikuangushi mwaka mzima. Ukipata safari ya kwenda Tabora mwishoni mwa kiangazi, miombo inapotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, piga: yale mekundu na yale ya kijani yote hutoka meupe, msitu mzima wa umri mmoja.

Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie mapema. Na kabla ya usiku wowote ziwani, kaa na mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo, uwaonyeshe kwenye skrini unachofanya. Uko mji wa mpakani; watu wenye vifaa visivyoeleweka ufukweni usiku huulizwa maswali, na wana haki ya kuuliza. Waeleze pia hadithi. Katonga kuna nyumba ambazo ziwa lilichukua mtu wao kweli, na huenda mama mmojawapo akakwambia jambo kuhusu kusubiri ufukweni ambalo halimo kwenye skripti yako.

Kwa Jumapili ijayo usitafute chochote cha kununua. Chukua rimoti, pima Canon yako na simu zote za nyumbani. Kamera ya mbele ya simu mara nyingi ina kizuizi dhaifu kuliko ya nyuma. Kisha waombe mama na shangazi kanga zao, uziandike majina yake kwenye daftari, ili siku kamera itakaporudi kutoka kwa fundi uzitundike zote juani na kuona ni lipi linalofutika. Niandikie ulichokiona, na namba ya f ambayo doa lilianzia kwenye ile 50.